Bizari ipi hiyo? Majina ya vyakula yanavyohama na kubadilika

Mapishi ya pilau yanayozunguka kwenye simu yana ajali moja inayojirudia, na mpishi hana kosa. Mzanzibari anaandika: mchele kilo moja, bizari nyembamba vijiko viwili vya chakula. Msomaji yuko Nakuru. Kwake bizari, au binzari kama anavyoitamka, ni manjano. Anachota vijiko viwili vizima vya unga wa manjano na kutia sufuriani. Wali unatoka wa njano iliyokolea, una uchungu unaobaki nyuma ya ulimi, na ile harufu inayowafanya majirani wajue leo kuna pilau haipo. Kilichotakiwa ni zile mbegu nyembamba za kahawia ambazo Unguja huitwa pia uzile na kwingine jira. Manjano hayana kazi kwenye pilau. Rangi yake hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa taratibu mpaka vikawa kahawia, na vikipitiliza vikawa vyeusi, hakuna kiungo kitakachoficha uchungu wake.

Neno lenyewe ni la Kiarabu. Mzizi wake ni mbegu, na huko Oman na Ghuba hadi leo bizari ni viungo mchanganyiko vilivyosagwa pamoja. Kwa hiyo tangu mwanzo lilikuwa jina la jumla, na watu wa Pwani wakalitumia hivyo hivyo, kila mara wakilipa kitambulisho: bizari nyembamba, bizari ya mchuzi, bizari ya manjano. Lilipopanda bara kitambulisho kikadondoka njiani, na kiungo kilichozoeleka zaidi dukani kikarithi jina lote. Majina mengi ya vyakula huenda hivyo. Ndiyo maana ukisoma mapishi ya mtu, kabla hujauliza kipimo, uliza anatoka wapi.

Mfano mbaya kuliko wote ni dengu. Mtanzania akisema dengu anamaanisha zile punje za kahawia zilizokunjamana, zenye kincha kama mdomo wa ndege, ambazo unga wake ndio wa bajia. Mkenya akisema ndengu anamaanisha punje ndogo za kijani, ambazo Mtanzania huziita choroko na Mombasa wengi huziita pojo. Tofauti hii haiishii kwenye maneno. Choroko huiva bila kulowekwa, nusu saa mpaka dakika arobaini na tano zimeshapasuka. Dengu zinataka kulala ndani ya maji usiku kucha na bado zikae motoni saa nzima au zaidi. Ukifuata mapishi ya ndengu za Nairobi kwa dengu za Kariakoo utatafuna kokoto. Ukifanya kinyume chake utapata uji.

Na bajia nazo hivyo hivyo. Dar na Unguja, bajia ni tonge dogo la kunde au dengu zilizosagwa, likachanganywa na kitunguu na pilipili na kukaangwa. Nairobi ukiagiza bajia utaletewa viazi vilivyokatwa vipande vyembamba na kuchovywa kwenye rojo la unga wa dengu. Wote wawili wako sahihi, kwa sababu Gujarati, ambako neno limetoka, ni jina la kitu chochote kilichochovywa au kufinyangwa na unga wa dengu kikakaangwa. Kila mji ulichukua aina moja ukadhani ndiyo bajia yenyewe.

Njegere za Tanzania, Kenya ni minji. Majani ya kunukia juu ya kachumbari ni dania kwa Mkenya, kotimiri kwa Mzanzibari, giligilani kwa watu wengi wa Tanzania Bara. Dania na kotimiri yote yametoka India, ila si kwa lugha moja: la kwanza ni la Kihindi, la pili la Kigujarati. Pilipili hoho ndiyo yenye hatari. Katika kamusi za zamani ni pilipili kali, nyekundu, ya kuwasha. Sokoni leo, Dar au Nairobi, hoho ni lile pilipili kubwa lisilowasha ambalo Pwani huitwa pilipili boga. Ukiwa na daftari la mapishi la bibi lililoandikwa miaka mingi nyuma na linasema "hoho tatu", usikimbilie kukata hoho tatu za siku hizi. Na ukali ukiutaka, agiza kwa jina lisilo na ubishi: pilipili mbuzi au pilipili kichaa.

Kisha kuna mboga. Mtanzania anauliza, "Leo mboga nini?" anajibiwa, "Nyama." Mkenya anayesikia hapo anacheka, maana kwake mboga ni majani. Kwa Mtanzania mboga ni chochote kinachoteremsha ugali: maharage, samaki, maini, mchicha. Pwani neno la kazi hiyo ni kitoweo, nalo limebaki imara kwa sababu majani na nyama hayagombanii jina moja. Akikuuliza mwenye nyumba wa Iringa kama mboga imetosha, anataka kujua hata kama nyama imetosha.

Majina mengine yanadanganya kuhusu asili, na hapo lazima mtu awe mwangalifu. Mahindi yanaonekana yametoka Uhindi. Hayakutoka huko, ni zao la Amerika lililoletwa na Wareno, ila kwa watu wa Pwani kitu kigeni kilichokuja kwa bahari kiliweza kabisa kuwa "cha Kihindi". Jina linakuambia walidhani kimetoka wapi. Pilipili manga vilevile: Manga ni Uarabuni, hasa Oman, na pilipili ile haioti huko, ila mikononi mwa Wamanga ndimo ilimopitia. Lisikilize pia komamanga, Manga imo ndani yake. Njugu nyasa zinaelekeza kidole kwenye ziwa, ilhali njugu mawe zimepewa jina na meno ya mlaji. Mchele wa pishori, fahari ya Mwea huko Kirinyaga, Kenya, umebeba jina la Peshawar, mji ulioko Pakistan, ingawa anayeupika Kirinyaga hana habari.

Njia moja ya kujua neno limepita wapi ni kusikiliza sauti zake. Pwani tunasema sambusa, Nairobi wengi wanasema samosa. Si kwamba mmoja amekosea. Sambusa yenye b imekuja kwa njia ya Kiajemi na Kiarabu. Samosa isiyo na b ni ya Bara Hindi, ikapata nguvu kupitia mahoteli na maduka ya Wahindi wa bara. Pembe tatu ni zilezile, barabara mbili. Kaimati nazo zinaonyesha kidonda cha safari. Kwa Kiarabu tonge ni luqma, na vitonge vidogo ni luqaimat. Mdomo wa Mswahili ukaangusha lu ya mwanzo, ikabaki kaimati, na wapo wanaosema kalimati. Ghuba bado huliwa wakati wa Ramadhani kama huku, na shira juu yake.

Mahamri na maandazi watu hubishana sana, na ubishi ungeisha wangesikiliza majina. Maandazi yametoka kwenye kuandaa. Zamani andazi lilikuwa kitu chochote kilichoandaliwa kwa ufundi jikoni, si lazima kile cha chai ya asubuhi. Jina pana, kwa hiyo haliahidi mengi: unga, sukari, mafuta, uumue kwa hamira au kwa beking pauda, yote maandazi. Mahamri yanaahidi. Mzizi wake ni ule wa Kiarabu uliotupa hamira, kh ikalainika ikawa h. Bila hamira hayawezi kuitwa mahamri, hata yakiwa na pembe tatu na iliki ya kutosha.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano tia hamira kijiko kimoja cha chai kilichojaa, sukari nusu kikombe, iliki iliyotwangwa kijiko kimoja cha chai, na tui zito karibu kikombe kimoja na robo, la vuguvugu. Tui la moto huua hamira, na hapo ndipo wengi wanapopotea: wanaona unga haujaumuka wanalaumu hamira mbovu. Kanda dakika kumi mpaka donge liache kung'ang'ania vidole, funika, subiri liwe maradufu, saa moja kwenye joto la Mombasa, mbili Limuru. Gawa madonge sita, acha yapumzike, sukuma kila moja unene wa nusu sentimita, kata nne. Yaache tena dakika kumi na tano. Mafuta yawe ya moto; ukitumbukiza hamri lizame kidogo kisha lipande lenyewe, na hapohapo ulimwagie mafuta juu kwa kijiko ili livimbe na kuwa na tumbo tupu. Ukisukuma membamba mno linakuwa kaukau. Mafuta yakiwa ya baridi linanyonya na kubaki zito mkononi. Mahamri ya kweli ukiyapasua yana mfuko ndani, na mfuko ule ndipo mbaazi za nazi zinapoingia.

Nimesema "sukuma", na neno hili lina maisha mawili jikoni. Chapati za kusukuma ni zile za donge na kibao, tofauti na chapati za maji ambazo ni rojo la kumimina kikaangoni. (India chapati ni mkate mkavu usiokaangwa, hizi zetu zenye tabaka na mafuta zingejulikana huko kama parata. Jina limeshuka melini na chakula kingine.) Maisha ya pili ni sukuma wiki, majani yanayosogeza familia mpaka siku ya mshahara. Jina hili linajitaja umri: wiki ni neno la Kiingereza lililoingia Kiswahili kwa mkono wa wakoloni, wakati neno la zamani ni juma. Jina la asili lingekuwa na juma ndani yake. Kwa hiyo anayekuambia sukuma wiki ni jina la mababu, mwambie mababu walikuwa na majani lakini hawakuwa na wiki. Na jina linafaa mmea kuliko watu wanavyofikiri. Hung'oi mti mzima. Unachuma majani ya chini, unaacha manne matano ya juu, na baada ya siku chache yapo mengine. Kitalu kidogo nyuma ya nyumba kinasukuma kweli. Akija mtu akakata kichwa, mmea unasimama kutoa majani mazuri na kuanza kutoa machipukizi ya kando yaliyokonda, na siku ya mshahara inakuwa mbali sana.

Majina ninayoyapenda zaidi ni yale yanayofanya kazi ya maelekezo. Mkate wa kumimina: kama rojo lako la mchele halimiminiki, umeshakosea. Mayai pasua ya Nairobi: yai la kuchemsha linapasuliwa, kachumbari inaingizwa, basi. Viazi karai vinakutajia chombo, karai, nalo neno hilo limetoka India. Urojo ndio bingwa. Watalii wanauita mchanganyiko wa Zanzibar, jina linalotaja vitu vinavyoelea: bajia, kachori, viazi, mishkaki, chipsi za muhogo, chatini ya nazi. Mwenyeji hakutaja hata kimoja. Alitaja uzito wa supu. Rojo ni kitu kisicho maji wala uji, na ukiupata uzito huo umeupata urojo. Kwa lita moja na nusu ya maji, koroga unga wa ngano vijiko vitatu vya chakula na wa dengu kimoja katika maji ya baridi kwanza, maana ukiumwaga mkavu kwenye sufuria inayochemka utavuna madonge. Tia manjano nusu kijiko cha chai, chumvi, embe bichi lililokatwa, kisha ndimu mwishoni baada ya kuteremsha. Chovya upawa, uinue: ukibaki umevaa koti jembamba la njano, ni rojo. Ukianza kuteleza kwa mafungu, ongeza maji.

Zege ni ya kizazi cha karibuni na ni jina la kihuni kwa heshima zote. Ni chipsi mayai, Dar ndiko lilikokolea. Chipsi ndizo kokoto, mayai ndiyo saruji, sahani ndiyo fomu ya kugeuzia. Sahani moja ya chipsi kwa mayai mawili inashika. Yai moja halitoshi, linavunjika wakati wa kugeuza na hapo una chipsi na yai pembeni, si zege. Chipsi zilizolala zikatoa unyevu nazo hazishiki. Kampala wana ufundi huo wa maneno: rolex ni chapati iliyokunjiwa mayai ya kukaanga, na jina limetoka kwenye maneno ya Kiingereza "rolled eggs" yaliyosemwa haraka mpaka yakagongana na saa ya bei mbaya. Kikomando nacho, chapati iliyokatwakatwa na kuchanganywa na maharage, ni chakula cha mtu anayejiona mwanajeshi mfukoni pakiwa patupu.

Ziwa Viktoria lina somo lake. Sangara walipandikizwa humo miaka ya 1950 na 1960, samaki mgeni kabisa, na kila ufuko ukatafuta jina. Uganda ni mputa, kwa Wajaluo mbuta, Mwanza sangara, jina linalokaribiana na sangala, kama wanavyoitwa ndugu zake wa Ziwa Tanganyika. Viwanda vya minofu vilipoanza kusafirisha nyama nje, yakabaki mafuvu na miti ya mgongo, na hayo nayo yakahitaji jina: Mwanza mapanki, Kisumu mgongo wazi. Jina la pili halifichi kitu. Unaambiwa kabisa nyama imeshaondoka. Dagaa hawana majonzi hayo, ila wana majina: omena Kenya, mukene Uganda, ndagala Burundi. Dagaa kauzu ni wale waliokaushwa juani mpaka wakawa wakavu kama vijiti, na mtaani kauzu ni mtu mwenye uso mkavu, asiyeona haya. Mmoja wao lazima amemwazima mwenzake.

Ugali, sima, bukari ya Lubumbashi, ubugali wa Rwanda: hizo ni sura za koo moja. Posho ya Uganda ndiyo iliyoingia kwa mlango wa nyuma. Kwa Kiswahili posho ni mgao wa chakula anaopewa mpagazi, askari au kibarua. Mgao ulikuwa unga wa mahindi, kwa hiyo Uganda posho ikawa ugali wenyewe. Kenya ikabaki kwenye mashine, wanasema posho mill wakimaanisha kinu cha kusaga. Tanzania mgao ukageuka fedha, na leo posho ni ya kikao, ya safari, ya mbunge. Ukimwambia Mganda kwamba waheshimiwa wanagombania posho, atashangaa kwa nini hawapikiwi.

Wapishi wa mitaani nao wana majina, na moja limebeba sarufi nzima. Mama ntilie. Kutia, kutilia, nitilie: mteja amesimama na sahani, anaomba atiliwe, na i ya "ni" imemezwa na haraka au na njaa. "Mama, ntilie wali wa buku, maharage weka mengi." Ombi la mteja likageuka cheo cha mpishi. Ofisini wakaona halina heshima, wakatunga mamalishe, na wanaume walipoingia kwenye biashara wakawa babalishe. Mamalishe ni neno safi, linafaa kwenye leseni. Mtaani bado watu wanasema ntilie, kwa sababu ndani yake mna sauti ya mtu anayekula.

Kutoka jikoni majina huingia kwenye mazungumzo ya kila siku, na anayeyajua mapishi huyaelewa zaidi. Kupika majungu ni kula njama. Jungu ni chungu kikubwa, na chungu kikubwa hakipikwi na mtu mmoja wala hakiivi upesi. Fitina nayo inataka watu na muda. Maji yamezidi unga, husemwa mambo yakimshinda mtu. Kwa lita moja ya maji utahitaji takriban nusu kilo ya unga, na ukigundua umepungukiwa wakati maji yanachemka huna pa kwenda: ukiyachota, umeanza upya, ukiongeza unga wa jirani mwishoni, unabaki mbichi katikati na madonge yanaonekana ukikata. Kumwaga unga ni kupoteza kazi.

Na kitumbua kimeingia mchanga. Mtu asiyewahi kupika vitumbua anadhani ni uchafu mdogo wa kupangusa. Lakini kitumbua ni mchele uliolowekwa usiku, ukasagwa na tui, hamira na iliki, ukaumuka mpaka ukawa na povu, kisha ukamiminwa kwenye kikaango chenye vishimo, mafuta kidogo kila kishimo, na kugeuzwa kwa kijiti upande wa chini ukiwa umekauka na wa juu bado laini. Kikitoka kina vitundu vidogo kila mahali na ngozi yenye mafuta. Mchanga ukikigusa unakaa ndani ya vitundu. Ukipangusa, unauingiza zaidi. Ukiosha, kinanyonya maji kikawa tope. Ndiyo maana wauzaji hufunika beseni kwa kitambaa hata kama hakuna upepo, na kilichoanguka huchukuliwa na kuku.